Umeme, simu na muziki juu ya pikipiki: shajara ya mradi, Dar hadi Lushoto

Mradi wenyewe ni huu: pikipiki ya cc 150, ile ile inayonipeleka kazini kila siku kutoka Tabata, iende Lushoto na kurudi ikiwa imebeba simu, kamera ndogo, pawa benki na muziki, na vyote virudi vizima. Vifaa vyenyewe Kariakoo vimejaa. Kinachokosekana ni maelezo ya namna ya kuvifunga kwenye chombo kinachotikisika, kinachonyeshewa na chenye betri ndogo. Ndiyo maana naandika kila hatua ikikamilika, pamoja na bei, kwa ajili ya mwenye pikipiki ya aina hii anayetaka kufanya hivi. Palipoenda sawa nimepapita haraka. Palipogoma nimekaa.

12 Aprili 2025: hesabu ya umeme

Kabla ya kununua chochote nilipima betri kwa mita. Ni ya volti 12, Ah 5 (saa-ampea, kipimo cha umeme unaohifadhiwa). Asubuhi, injini imezimwa: 12.6. Injini ikinguruma taratibu na taa ya mbele inawaka: 13.1. Ukipiga resi ya barabarani: 14.2. Hizo ni namba nzuri. Koili ya chaji na rektifaya, kile kinachogeuza umeme wa koili ufae kuchaji betri, ni nzima, na mwendoni kuna umeme wa ziada. Kwenye foleni ya Buguruni ziada hiyo inakuwa nyembamba sana.

Simu inayochajiwa kwa volti 5 na ampea 2 inakula wati 10. Ukijumlisha unaopotea njiani, betri inatoa karibu ampea 1. Hiyo inabebeka. Lakini chaji vifaa viwili kwa pamoja, taa inawaka, foleni imekushika saa nzima, hapo betri inatoa kuliko inavyopokea. Uamuzi: tundu moja la USB, kifaa kimoja kwa wakati.

26 Aprili: tundu la USB na betri iliyolala

Nilinunua tundu la USB lenye kipima volti cha namba nyekundu, shilingi 12,000. Fundi wa kijiweni alilifunga kwa 5,000, haraka haraka: waya mbili moja kwa moja kwenye betri, zikasokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi. Likafanya kazi palepale. Kisha masika ikashika, pikipiki ikalala ndani wiki na ushee, na siku ya kuitoa stata haikusukuma. Honi ilikoroma tu. Mita ikasoma 11.4.

Chanzo ni zile namba nyekundu, maana zilikuwa zinawaka usiku na mchana. Nilipima zinachokula: miliampea 20. Kwa macho ni kidogo, ila zidisha kwa saa 24 uone: karibu Ah 0.5 kila siku. Betri ya Ah 5 inamalizwa kwa siku kumi hivi, na betri ya asidi ikishaachwa tupu hairudi na nguvu zake zote.

La pili lilinitia hofu zaidi. Hapakuwa na fyuzi. Waya wa moto ulipita chini ya tangi ukisuguana na fremu. Ganda lake likichubuka, umeme wote wa betri unamwagika kwenye chuma, na juu yake pana petroli.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi umeme, Buguruni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, kijana wangu. Hii nani kakufungia?" Akaushika waya kwa vidole viwili, akauvuta, ukatoka. "Umeme wa pikipiki hausokotwi. Hiki chombo kinatikisika kutwa."

Tukafunga upya hivi. Waya wa moto unatoka kwenye chanya ya betri na kuingia kwenye fyuzi ya ampea 5 iliyo sentimita kumi tu kutoka hapo, kwa sababu kazi ya fyuzi ni kuulinda waya wote unaofuata. Kutoka kwenye fyuzi unakwenda mguu wa 30 wa rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme badala ya kidole. Mguu wa 87 unapeleka moto kwenye tundu. Mguu wa 86 unachukua kutoka kwenye waya wa swichi ya breki, ambao kwenye pikipiki hii una moto ufunguo ukiwashwa tu, na wa 85 unakwenda hasi. Hasi ya tundu nayo tuliirudisha kwenye betri yenyewe, si kwenye boliti ya fremu, kwa kuwa rangi na kutu huukwamisha umeme. Tundu lenyewe nalo tulibadilisha, tukaweka lisilo na kipima volti na lenye kifuniko cha mpira, 15,000.

Mzigo wa ampea moja ungeweza kwenda bila rilei, ukichukua moto moja kwa moja kwenye waya wa breki. Mimi naitetea rilei. Waya wa breki ni wa usalama wa mtu, sitaki ubebe muziki wangu.

Mzee alikataa kabisa kuunganisha kwa risasi ya kuyeyusha. Risasi huufanya waya kuwa mgumu mahali pamoja, na mtikisiko huukata pale ugumu unapoishia. Alitumia viunganishi vya kubana kwa koleo, akavivalisha mpira wa kubana kwa joto. Nilisogea kumwangalia. Aliupitisha mwali wa kiberiti cha gesi chini ya mpira bila kuugusa, akiuzungusha waya kwa vidole, na mpira ukanywea taratibu mpaka mikunjo ya kiunganishi ikachoreka juu yake. Akauvuta kwa nguvu zote. Haukutoka.

Waya mita 4, 4,000. Fyuzi na kishikilio chake, 2,500. Rilei na soketi, 7,000. Mipira na mikanda ya plastiki, 3,500. Ufundi, 10,000. Ufunguo ukizimwa, umeme unaoliwa na tundu sasa mita inausoma sifuri.

10 Mei: simu haikai usukanini

Holda ya simu ya chuma, 20,000. Imara kweli, simu haiwezi kuanguka. Tatizo halikuwa kuanguka.

Injini ya silinda moja inatikisa usukani kwa mtetemo mdogo wa kasi ambao mkono unauzoea, lakini kamera ya simu haiuzoei. Kamera za simu nyingi za sasa zina lenzi inayoelea, inayosogezwa na sumaku ili kutuliza picha, na mtetemo wa muda mrefu huiharibu mitambo hiyo. Hili si la kijiweni. Septemba 2021 Apple walitoa tahadhari ya maandishi kuhusu jambo hili hili kwa simu zao, wakitaja injini kubwa za pikipiki, na kwa pikipiki ndogo wakashauri kifaa cha kupunguza mtetemo. Simu yangu si ya kwao, lakini sheria za mtetemo ni zilezile. Baada ya kwenda nayo kazini kwa muda, picha zilianza kuyumba kama zinatazamwa ndani ya maji, na kamera ikawa inatafuta umakini bila kuupata. Kubadilisha kamera Mtaa wa Aggrey: 45,000. Nilijaribu kuweka raba nene kati ya holda na usukani. Mtetemo ulipungua, ila simu ikaanza kupiga kichwa kwenye kila tuta.

Halafu kuna jua. Saa saba mchana, simu nyeusi, kioo juu, inachajiwa na ramani imefunguliwa: ikapata moto, ikaacha kuchaji yenyewe, ikafifisha mwanga mpaka ramani haisomeki. Simu hufanya hivyo kujilinda, na ni haki yake. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya nyuzi 45 hivi.

La tatu kila mkazi wa Dar analijua. Simu iliyo usukanini kwenye taa za barabarani ni mwaliko kwa vishandu, wale wakwapuaji wa simu.

Kwa hiyo simu imehamia mfuko wa ndani wa koti, kifuani, kioo kikielekea mwilini. Mwili wa mtu unanyonya mtetemo vizuri kuliko raba yoyote niliyoiona. Ramani ya njia nzima imepakuliwa, maelekezo yanakuja kwa sauti. Na simu haichajiwi tena na pikipiki. Pikipiki inachaji pawa benki, na tukisimama pawa benki ndiyo inaichaji simu. Pawa benki ya mAh 10,000 (35,000) ina takriban Wh 37 (saa-wati), yaani inaijaza simu yenye mAh 5,000 mara moja na nusu ukitoa unaopotea. Kwa wati 10 inajaa ndani ya saa nne au tano za mwendo, na umeme wa pikipiki ukifanya vituko, wa kwanza kuumia ni kifaa cha 35,000.

24 Mei: spika, na mluzi unaopanda na resi

Nilianza na zile spika mbili za usukanini zinazopendwa na bodaboda, zenye redio na nafasi ya memori kadi, 35,000. Mjini zinasikika. Ukifika kilomita 60 kwa saa upepo unazimeza, unaongeza sauti, na wanaosikia ni watu wa pembeni ya barabara. Sioni haki ya kumpigia mgonjwa aliye kitandani nyumba ya kando ya barabara muziki alioupenda mtu mwingine.

Zilikuwa na ugonjwa mwingine, na huu nauandika kwa urefu kwa sababu nimeusikia kwenye pikipiki nyingi: mluzi mwembamba unaopanda kila ukipiga resi. Nilipochomeka simu kwa waya wa sauti huku simu inachajiwa na pikipiki hiyohiyo, mluzi uliongezeka maradufu. Kinachotokea ni kwamba simu na spika zinakutana mara mbili, kwenye hasi ya chaji na kwenye waya wa sauti, na mawimbi ya rektifaya yanapita katika mzunguko huo na kuingia kwenye muziki. Chomoa chaji, nyongeza hiyo inakufa. Kuna kifaa kidogo cha kukata mzunguko huo kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, nacho kinasaidia. Ila dawa ya mzizi ni muziki usiunganishwe na umeme wa pikipiki kabisa. Spika ziwe na betri yake, sauti ipite kwa Bluetooth.

Spika za usukanini nimemuuzia kijana wa kijiweni kwetu kwa 20,000, anazifurahia. Nikachukua spika bapa za ndani ya helmeti, zenye Bluetooth na betri yake, 45,000.

Siku ya kwanza zilinivunja moyo. Sauti ya mbali, haina besi, kama jirani anafungulia redio. Nilikuwa tayari kuzirudisha dukani. Dada muuzaji akaniambia, "Kaka, usizirudishe kwanza, zisogeze." Nikavua sponji la pembeni, nikavaa helmeti, nikapaka chaki kidogo kwenye sikio ili inapogusa iache alama kwenye kitambaa. Alama ikaonekana sentimita mbili mbele na chini ya pale nilipobandika spika. Nikahamishia pale pale kwenye chaki, nikaweka kipande cha sponji nyuma yake ili spika ikaribie sikio bila kulibana. Ikawa spika nyingine kabisa. Anayefunga zake asibandike kwa kukisia. Sentimita hizo mbili ndizo kazi yote.

Za kuziba masikio, zile za kuchomeka ndani, nimeziacha. Zinachomoka helmeti inapovaliwa, na zikikaa vizuri zinakufungia na honi ya basi.

7 Juni: upepo ndiyo adui

Hii ndiyo hatua ninayotaka isomwe hata na asiye na haja ya muziki.

Ndani ya helmeti, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kelele ya upepo peke yake hupita desibeli 90. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili, 94 ni saa moja. Dar hadi Lushoto ni safari ya siku nzima. Maana yake masikio yanaumia hata kabla hujafungulia wimbo wowote. Ukifungulia muziki uushinde upepo, umeongeza kelele juu ya kelele. Usikivu unaopotea hivi haurudi.

Dawa ni vizibo vya sponji vya masikioni, vile vya viwandani, kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Pakiti 5,000. Unakisokota kati ya vidole kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono mwingine, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Upepo unashuka, na muziki wa spika za helmeti unapenya kwa sauti ndogo, kwa kuwa haushindani na kitu tena. Wengi ninaowaambia hawaamini kwamba kuziba sikio kunafanya usikie vizuri zaidi. Wajaribu mara moja.

Kizibo kina tabia yake: kinakata sauti nyembamba kuliko nene. Na upepo wa helmeti wenyewe umejaa sauti nene. Kwa hiyo kwenye ikwalaiza ya simu nilishusha besi karibu yote, nikapandisha za kati na za juu. Ukisikiliza umekaa nyumbani ni muziki mkavu usio na mwili. Ukiwa kilomita 80 unakaa sawa. Hapo ndipo nilipojua kwa nini magitaa ya dansi na vinanda vya taarabu vinasafiri vizuri kuliko bongo fleva yenye besi nzito: vinakaa pale ambapo upepo haujajaa. Singeli nimeitoa kwenye orodha kwa sababu tofauti. Naipenda, lakini inavuta mkono wa resi bila kuniomba ruhusa, na barabara ya Bagamoyo ina vibao vya 50 na tochi za trafiki za kupima mwendo kila kijiji.

Kipimo cha mwisho tulikifanya Kigamboni, barabara ya Kimbiji, asubuhi magari yakiwa machache. Mwenzangu alinifuata na pikipiki yake akipiga honi kwa umbali tofauti bila kuniambia lini. Nilipunguza muziki mpaka kila honi nikaisikia, na mlio wa injini yangu pia. Kiwango hicho ndicho dari. Nimefunga kiwango cha juu cha sauti kwenye mipangilio ya simu, kisipande hata nikibonyeza.

21 Juni: maji na mtikisiko wa mizigo

Zamani mfuko wa rambo ulikuwa koti la mvua la kila simu. Tangu 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na ile mbadala inapitisha maji. Begi la mgongoni lililoandikwa haliingizi maji nililipeleka kwa vijana wanaoosha magari, wakalipiga mpira wa maji. Kitambaa kilistahimili, zipu ikavuja, na makaratasi niliyoweka ndani yakalowa. Begi la kukunja mdomo, lisilo na zipu, lita 20, 28,000: kavu kabisa, mradi mdomo ukunjwe mara tatu au zaidi.

Keria ya nyuma inatikisika kuliko sehemu yoyote ya pikipiki. Kamera ikae katikati ya begi, imezungushiwa kanga kukuu iliyokunjwa, na visigusane viwili vyenye ugumu. Waya za chaji zisiachwe zimechomekwa ndani ya begi, kwa sababu kichwa kinachezacheza mpaka tundu linalegea. Memori kadi ya muziki ina nakala mbili, moja kwenye pochi.

5 hadi 7 Julai: Lushoto

Sabasaba imeangukia Jumatatu, tukapata siku tatu. Bagamoyo, Msata, Segera, Korogwe, Mombo, kisha kupanda. Umeme haukusumbua. Pawa benki ilijaa kabla ya Korogwe. Mtandao ulikatika sehemu kadhaa, ramani iliyopakuliwa haikujali, na sauti ya "pinda kulia" pale Mombo ilikuja kwa wakati. Kuanzia hapo muziki niliuzima. Zile kona za kupanda Lushoto zinataka masikio yote, maana gari linaloshuka unalisikia kabla hujaliona.

Kilichotushtua kilikuwa asubuhi ya pili. Begi halikunyeshewa hata tone, lakini nilipolifungua ukuta wake wa ndani ulikuwa na matone ya maji, na lenzi ya kamera ina ukungu. Begi lilifungwa Tabata usiku, madirisha wazi, hewa ya pwani nzito yenye unyevu. Likalala Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, kwenye baridi ya Julai. Hewa ya Dar iliyofungiwa ndani ilipoa ikatema maji yake. Begi lisiloruhusu maji kuingia haliruhusu kutoka pia.

Tulichofanya: kila kitu nje, kitambaa kikavu, begi wazi mpaka saa nne. Wakati wa kushuka kanuni inageuka. Kamera iliyopoa ikifunuliwa kwenye hewa ya joto ya Mombo inatokwa jasho, kwa hiyo begi lilibaki limefungwa hadi Korogwe, likapata joto taratibu. Kuanzia sasa ndani yake kuna pakiti za chembechembe za kukausha unyevu, zile za kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wa Karume walinipa bure.

19 Julai: baada ya kufungua

Nilifungua kiti na kukagua. Viunganishi vya mzee vyote viko palepale. Fyuzi nzima. Kwenye pini za tundu la USB kuna ukijani umeanza, nadhani ni chumvi ya upepo wa Kigamboni, kwa kuwa siku ile kifuniko kilibaki wazi. Nimesafisha kwa spiriti na mswaki mkavu, nikaligeuza tundu litazame chini, na kwenye vichwa vya betri nimepaka mafuta mazito ya mgando.

Hesabu ya vilivyobaki kwenye pikipiki na mizigoni: tundu 15,000, waya 4,000, fyuzi 2,500, rilei 7,000, mipira na mikanda 3,500, ufundi 10,000, spika za helmeti 45,000, vizibo 5,000, begi 28,000, pawa benki 35,000. Jumla 155,000. Vilivyokwenda bila kubaki: tundu la kwanza 12,000, ufundi wa kwanza 5,000, holda 20,000, kamera ya simu 45,000, na 15,000 iliyopotea kwenye spika za usukanini. Jumla 97,000. Mwenye mfuko mdogo aanze na vizibo vya masikio, kisha fyuzi na rilei. Spika zinaweza kusubiri.

Kinachofuata ni maikrofoni ya helmeti. Kwa sasa nikipigiwa simu anayepiga anasikia upepo mtupu, hivyo nasimama pembeni. Nimeishonea kifuniko cha sponji na kuisogeza nyuma ya kidevu. Itajaribiwa kwenye barabara ya Kimbiji kabla ya vuli, na pakiti za kukausha zitapimwa kwenye mvua hizo hizo.